Kitambaa cha Mikunjo Minne

Mwanvua binti Mbaruku alikuwa na tabia moja iliyowachosha wakubwa wake wa kazi: kipimo alichokwisha kukichukua, alikirudia. Hakukitilia shaka chombo. Alijitilia shaka yeye mwenyewe, macho yake na masikio yake, na ile haraka ya binadamu ya kulipokea jibu analolitarajia. Alipokuwa mwanafunzi wa uuguzi kule Sengerema, ng'ambo ya ghuba, mkufunzi wake mmoja alimwambia mbele ya darasa kwamba mgonjwa wake atapona, atarudi kwao na kung'oka meno kwa uzee kabla yeye hajaridhika na hesabu ya mapigo ya moyo. Darasa likacheka. Mwanvua naye akacheka, kisha akarudi wodini kuhesabu tena.

Udadisi huo ulikuwa wa tangu utotoni. Alizaliwa Mwanza mjini, binti wa fundi cherehani ambaye mababu zake walitoka pande nyingi kiasi kwamba hata yeye mwenyewe alishindwa kusema kwa uhakika kabila lake. Siku moja kabla ya Idi, fundi huyo alimkuta bintiye amelaza sikio ubavuni mwa mbuzi aliyefungwa uani.

"Unasikiliza nini wewe?"

"Baba, humu ndani kuna mtu anatwanga. Nikimfukuza mbuzi, anatwanga haraka. Mbuzi akisimama, anatwanga polepole. Nani anamwambia?"

Baba yake hakuwa na jibu, na kwa uungwana wake hakujifanya kuwa nalo. Alimpeleka shule.

Mwaka 1975 Mwanvua alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na ulikuwa msimu wake wa kumi na moja katika zahanati ya jineri moja, kiwanda cha kuchambulia pamba, iliyokuwa ukingoni mwa ziwa, mwendo mfupi kusini mwa mji. Mumewe alifanya kazi kwenye kivuko cha Busisi na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba viwili vilivyojengwa juu ya majabali, na ili kuifikia mtu alipanda ngazi za mawe zilizochongwa bila mpango, moja ndefu, moja fupi. Kutoka mlangoni aliweza kuliona paa la nyumba ya kushindilia marobota, na vumbi la pamba lililotoka madirishani likiyumba kama moshi usio na moto.

Ndani ya nyumba ile pamba iliyokwisha kutolewa mbegu ilimwagika kutoka juu na kuingia katika sanduku kubwa la mbao. Watu wanne waliingia sandukuni na kuikanyaga, hatua kwa hatua, ili ishikamane kabla ya mtambo kuibana na kuifunga kuwa robota. Ilikuwa kazi ya miguu na mapafu. Mtu alizama mpaka magotini, akajing'oa, akazama tena. Na kwa kuwa watu wanne katika sanduku moja wasipokwenda pamoja huangushana, walikanyaga kwa wimbo. Mmoja wao alikuwa manju. Yeye alianzisha, wenzake wakaitikia.

Manju wa zamu ya mchana aliitwa Kashindye Ndalahwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, mwenye sauti iliyosikika hata mashine zote zilipokuwa zinanguruma. Kwao kulikuwa upande wa Misungwi. Mwaka mmoja kabla, watu wa huko walikuwa wamehamishiwa katika kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba yake ya zamani na mihogo yake vikabaki mahame, na katika kijiji kipya mkewe alikuwa bado anangoja kupimiwa shamba. Kwa wakati ule, nafasi ya Kashindye ndani ya sanduku la mbao ndiyo iliyokuwa shamba la nyumba yake ya watu saba.

Mwezi wa Agosti daktari alitumwa kutoka mjini kupima afya za wafanyakazi wote wa kazi nzito. Aliitwa Rweyemamu, Mhaya kijana mwenye miwani minene na maneno machache. Watu walikuwa zaidi ya mia, siku ilikuwa moja, na meneja alikuwa na lengo la marobota la kutimiza. Ikaamuliwa kwamba meza ya daktari iwekwe mlangoni pa nyumba ya marobota, mtu aitwe kutoka kazini, apimwe akiwa amesimama, arudi. Daktari alisema utaratibu huo haumpendezi. Aliambiwa kwamba utaratibu mwingine haupo.

Kashindye alipotoka sandukuni presha yake ilikuwa 216 kwa 112.

Siku kumi baadaye ikaja barua. Wafanyakazi wa kazi nzito wenye presha ya juu kupita mia mbili wapumzishwe kwa sababu za afya. Katika nyumba ya marobota jina lilikuwa moja. Muuguzi wa zahanati alitakiwa ampime tena, ajaze fomu, aweke sahihi. Daktari angerudi Ijumaa ya wiki iliyofuata kuthibitisha.

Kashindye alipanda zile ngazi Jumatatu asubuhi akiwa amevaa shati safi.

"Shikamoo, mzee Kashindye."

"Marahaba, sista. Nimekuja kunyongwa."

"Kaa kwanza. Hapa hatunyongi mtu aliyesimama."

Alicheka kidogo, akakaa. Mwanvua alimwacha apumzike robo saa nzima, akijishughulisha na kupanga bandeji, kisha akamfunga mkanda mkononi. Zebaki ilipanda, ikashuka. Akaandika 138 kwa 86. Akafungua mkanda, akaufunga upya. 136 kwa 86. Akahamia mkono wa pili. 138.

"Mbona unanizungusha kama ng'ombe wa mnadani?" Kashindye aliuliza. "Nakufa au sifi?"

"Ukikaa hapa, hufi. Kichwa kinakuuma? Unapata kizunguzungu?"

"Nikiwa sandukuni, kuelekea mwisho wa zamu, naona vimulimuli. Nikitoka nje vinakwenda zao. Nilidhani ni umri."

Mwanvua alikaa na zile namba mbili mbele yake, 216 ya daktari na 138 yake. Fikira yake ya kwanza, kama kawaida, ilikuwa kwamba amekosea yeye. Ya pili ilikuwa kwamba amekosea daktari, nayo aliifukuza kwa aibu. Ya tatu ilimjia taratibu, na ndiyo iliyomnyima raha: pengine hakuna aliyekosea, na mtu huyu ana presha mbili, moja ya kitini na nyingine ya sandukuni. Lakini kila mtu anayefanya kazi presha yake hupanda. Kwa nini basi wenzake watatu, waliotoka sanduku lile lile na kupimwa kwenye meza ile ile, hawakuvuka 180?

Kesho yake alishuka na mashine yake ya presha hadi nyumba ya marobota. Kelele za mle zilikuwa nyingi mno kusikiliza mapigo kwa masikio, hivyo alitumia njia ya vidole: kuushika mshipa wa kifundo cha mkono, kuujaza mkanda upepo mpaka mshipa unyamaze, kisha kuulegeza na kungoja pigo la kwanza lirudi. Njia hiyo hutoa namba ya juu tu, lakini ile ya juu ndiyo aliyoitaka. Aliwafunga mkanda watu wawili kwa zamu kabla hawajaingia sandukuni, mrija akawachomekea kiunoni, na walipotoka akawapima papo hapo. Mihayo, aliyekuwa wa rika moja na Kashindye na aliyekanyaga ubavuni mwake, alikuwa na 174. Kashindye alikuwa na 210.

Ngosha, msimamizi wa zamu, alimtazama akiandika. Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, aliyependa kusimama mikono ikiwa nyuma.

"Sista, wewe ni mtu wa mjini," alimwambia kwa sauti ya kushinda mashine. "Vumbi la pamba unalionea dirishani. Leo umekuja kulila?"

"Nimekuja kulionja, Ndugu Ngosha. Nikilipenda nitarudi."

Mwanvua alikuwa anamtazama Kashindye. Mzee alikuwa ameshusha kitambaa kilichofunika pua na mdomo, ameinama, mikono magotini. Mwanvua akamwomba afunue mdomo wa chini. Ndani palikuwa na rangi ya zambarau isiyoiva vizuri, na mashina ya kucha zake yalikuwa na weusi wa kibuluu. Wakati Mwanvua anaendelea kutazama, wekundu ulirudi. Haikuchukua hata dakika mbili. Alimtazama Mihayo: mdomo wake haukuwa umebadilika.

Ndipo alipokitazama kitambaa.

Wakanyagaji wote walijifunga kitambaa puani, mkunjo mmoja wa amerikani, mkavu, wakikikung'uta kila wakumbukapo. Cha Kashindye kilikuwa tofauti. Kilikuwa na mikunjo minne iliyoshonwa pamoja kwa nyuzi nyekundu, na alikilowesha maji kabla ya kuingia. Mwanvua alipokishika alishangazwa na uzito wake. Kwa nje pamba ilikuwa imegandamana juu ya unyevu kama manyoya ya kondoo aliyenyeshewa.

"Hiki amekupa nani?"

"Wenzangu," Kashindye alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akanyooka. "Manju anafungua mdomo kuliko wote, kwa hiyo anakula vumbi kuliko wote. Kila msimu wanachanga kitambaa, mke wa Ngosha anashona. Zamani kilikuwa mikunjo miwili. Mwaka jana nilikohoa sana, wakasema tumwongezee mzee. Kinalowekwa ili vumbi lisipite."

"Na hewa?"

"Hewa inapita. Mbona naimba?"

Jioni Mwanvua alikitoa kabatini kitabu chake cha Sengerema. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuchechemea, hivyo alisoma kurasa sita kwa muda ambao mwingine angesoma sitini. Alichokielewa, kwa kadiri alivyothubutu kusema kwamba amekielewa, ni hiki. Misuli inayovuta pumzi nayo ni misuli, kama ya miguu. Ikivuta hewa kupitia mahali palipobana, inachoka, na ikichoka inadai damu. Mwili hauna damu ya ziada ya kugawa, hivyo unabana mishipa ya kwingine ili pumzi ipate fungu lake. Na shingoni, kando ya mishipa mikubwa, kuna vinundu vidogo mno ambavyo kazi yake ni kuionja damu inapopita. Vikikuta oksijeni imepungua, vinapeleka habari ubongoni, na ubongo unaamuru mishipa ikazwe zaidi. Moyo, ambao tayari unaisukumia damu miguu inayofanya kazi, unalazimika kusukuma dhidi ya milango iliyofungwa nusu.

Alifikiri habari za maji ya mjini. Watu wa bondeni wakifungua mabomba yote, nyumba za milimani hukauka mpaka mtambo wa ziwani usukume kwa nguvu zaidi, na mtambo ukisukuma hivyo, mabomba hulia. Alijiuliza kama mfano huo ni sahihi au ni mzuri tu. Hakuwa na wa kumuuliza.

Alichokuwa nacho ni ngazi za mawe. Jumatano asubuhi, kabla zahanati haijafunguliwa, alifunga mlango, akajifunga mkanda mkononi, akapanda na kushuka ngazi mbili za chini kwa dakika tano akijihesabia hatua. Kutoka 118 alifika 148. Akapumzika. Akakunja shashi ya kufungia vidonda mara nyingi mpaka ikawa nene kama kile kitambaa, akailowesha, akabandika juu yake konzi ya pamba chafu aliyoichukua nyumba ya marobota, akajifunga, akapanda na kushuka tena kwa mwendo ule ule. Katika dakika ya tatu hofu ilimshika kifuani, hofu ya kijinga, kana kwamba yumo majini na mkono umemshika kisogo. Alijilazimisha kufika ya tano. Zebaki ilisema 166.

Alikaa kwenye jiwe akihema, na akatambua kwamba anatabasamu.

Saa ya mapumziko Kashindye alikubali kufanya vivyo hivyo, mara nne, kila mara akipumzika hadi presha irudi chini. Bila kitambaa na bila wimbo alifika 168. Bila kitambaa lakini akiimba, 178. Kwa kitambaa chake, kimya, 194. Kwa kitambaa chake na wimbo, 212, na ndani ya mdomo ile rangi ya zambarau ikarudi. Mwanvua alizipanga namba hizo katika karatasi moja na kumwonyesha, akimweleza taratibu, bila kuficha mahali ambapo ujuzi wake ulikuwa unaishia.

"Kwa hiyo si mimi," Kashindye alisema.

"Si wewe. Ni pumzi yako inayofanya kazi ya watu wawili. Ukiwa umekaa huna presha ya kukutoa kazini. Nitayaandika haya na Ijumaa nitampa daktari."

Alidhani mzee atafurahi. Kashindye aliukunja uso.

"Utaandika nini juu ya kitambaa?"

"Kwamba ndicho kinachokuzuia kupumua."

"Sista, usiandike hivyo. Andika ni wimbo. Nitaacha kuimba, basi, yaishe."

"Lakini wimbo peke yake—"

"Nisikilize, mwanangu." Alishusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Wewe utasema kitambaa kinabana pumzi. Maneno hayo yatashuka ngazi hizi, yataingia kwenye nyumba ya marobota, na yakitoka upande wa pili yatakuwa yanasema hivi: mke wa Ngosha alishona kitu, akampa Kashindye, Kashindye akaanza kuona vimulimuli na damu ikachemka. Unazijua pande zetu. Mama yule ana macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka thelathini. Hawatamwuliza habari za oksijeni."

Mwanvua aliikunja karatasi yake. Alizijua pande hizo. Alijua pia vijiji ambamo akina mama wa namna ile, walioitwa wachawi kwa wekundu wa macho tu, waliamkia nje ya nyumba zao zilizoungua, na wengine hawakuamka. Siku nzima ile na usiku wake aliligeuza jambo hilo. Akiandika ni wimbo, mzee atabaki na kitambaa, na 194 sandukuni, na zambarau mdomoni, mpaka siku moja aangukie ndani ya pamba. Na yeye Mwanvua atakuwa ameweka sahihi. Akiandika ni kitambaa, ataokoa mtu mmoja kwa kumtupa mwingine. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba ukweli wake haukuwa na ubaya wowote mahali ulipozaliwa, pale kwenye jiwe, kati ya zebaki na kifua. Ubaya ungeupata njiani. Basi, alijiambia, usisafirishwe kwa maneno. Watu waujie hapa.

Alhamisi, saa ya mapumziko, alimwomba Ngosha awalete wakanyagaji wa zamu yake kwenye ngazi, na alimwambia ukweli nusu: anahitaji vifua vyenye afya vya kulinganisha. Alikuwa ameshona vitambaa vitatu kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye kanga yake kuukuu. Kimoja kilikuwa na mkunjo mmoja, kingine miwili, kingine minne. Cha minne alikilowesha na kukipaka pamba mbele ya macho yao.

"Nimeshona mwenyewe jana," alisema. "Mtu akiona sindano yangu ina kasoro aseme sasa. Nitaanza mimi."

Alipanda na kushuka mpaka kifua kikamgoma, akapimwa na Mihayo, ambaye Mwanvua alikwisha kumfundisha kushika mshipa, namba ikasomwa kwa sauti. Wakacheka kumwona muuguzi akihema. Kisha akamnyooshea Ngosha kitambaa.

"Mimi?" Ngosha alisema. "Mimi ni msimamizi."

"Ndiyo maana. Wewe huchoki."

"Kapande, Ngosha," Mihayo akamchokoza. "Shingo yako ina hewa ya akiba ya wiki nzima."

Ngosha alijifunga mkunjo mmoja akapanda na kushuka kwa majivuno, akapata 160. Alijifunga minne. Hatua thelathini za kwanza alikwenda vizuri. Kufikia hamsini mabega yake yalikuwa yanapanda pamoja na magoti. Kufikia sabini alikipasua kitambaa usoni kwa mikono miwili na kusimama mdomo wazi, akilitazama ziwa kama mtu aliyeliona kwa mara ya kwanza. Mihayo alipapasa, akapapasa, akasema, "Mia moja tisini na mbili." Hakuna aliyecheka.

"Hiki ndicho tulichomfunga mzee," Ngosha alisema. Hakumtazama Kashindye. "Kisha tukataka aimbe nacho."

"Mlitaka vumbi lisimwingie," Mwanvua alisema. "Na kweli halikumwingia. Kitambaa chochote kikiwa kinene namna hii na kikalowa kitafanya hivyo hivyo, ashone nani, avae nani. Mmeona cha kwangu."

"Tumeona," Mihayo alisema, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Kashindye alikuwa amekaa pembeni juu ya jabali. Alisema tu, kwa Kisukuma, neno ambalo Mwanvua hakulielewa, na Ngosha akacheka kwa pumzi iliyokuwa bado haijamrudia.

Ijumaa daktari Rweyemamu alifika saa nne. Alisoma karatasi ya Mwanvua akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Umempima mtu huyu mara ngapi kwa kila hali?"

"Mara moja, daktari. Wengine nao mara moja."

"Mara moja ni kidogo."

"Najua. Hata mimi siiamini sana. Ndiyo maana nimeacha nafasi pembeni ya kila namba, ili na wewe uandike yako."

Daktari alivua miwani, akaifuta. Alimweka Kashindye kitini, akangoja robo saa bila kuzungumza, akapima: 140 kwa 88. Kisha akatoka naye hadi kwenye ngazi, akakaa asubuhi yote iliyobaki juani akijaza zile nafasi za pembeni. Tarakimu zake zilitofautiana na za Mwanvua kwa kumi hapa, kwa nane pale. Mpangilio wake ulikuwa ule ule.

"Nilimpima akiwa amezibwa pumzi," alisema mwishoni, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa muuguzi. "Kimoja nisichokijua ni kama kikohozi cha mwaka jana kilikwisha kuyadhuru mapafu. Wewe unaonaje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari yeyote kumwuliza swali hilo. Mwanvua alitamani awe na jibu la kufanana na heshima ile.

"Sijui," alisema. "Nadhani wenzake wanalivuta vumbi lile lile na hawageuki rangi haraka hivyo. Lakini sijui."

"Haya. Tutayapiga picha mapafu." Alichukua fomu, akalikata jina la Kashindye katika orodha ya kupumzishwa, akaandika chini yake masharti: kitambaa cha mkunjo mmoja, kikavu, kibadilishwe kila atokapo sandukuni, asiimbe akiwa anakanyaga, apimwe kila wiki. Akaongeza mstari kwa meneja kwamba nyumba ya marobota ifunguliwe madirisha mawili upande wa ziwani, na kwamba tangu sasa watu wapimwe wakiwa wamekaa. Kisha akamsogezea Mwanvua kalamu aweke sahihi yake.

Saa nane, zamu ilipoendelea baada ya chakula, Mwanvua alisimama mlangoni pa nyumba ya marobota na mkanda wake begani. Ngosha aligawa vitambaa vyembamba, rundo zima. Mkewe alikuwa amevikata asubuhi na kuvileta mwenyewe kichwani, na wakanyagaji walikuwa wamevipokea mikononi mwake mmoja mmoja. Kashindye aliingia sandukuni mdomo ukiwa umefunikwa kwa mkunjo mmoja tu. Mihayo ndiye aliyewekwa kuimba, naye aliambiwa akae juu ya ukingo wa sanduku, asikanyage, ili pumzi yake iwe ya wimbo peke yake; nafasi yake sandukuni ilichukuliwa na kijana wa zamu nyingine.

Mihayo hakuwa manju. Alianza juu mno, akakosa pa kwenda, akashuka kwa ghafla, na watu wanne sandukuni wakapotezana. Mmoja akaanguka kifudifudi ndani ya pamba, akainuka mweupe kama mzimu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mihayo akaanza tena, safari hii kwa sauti nzito isiyo na uhakika, akiwa nyuma ya mwendo badala ya kuwa mbele yake.

Kashindye hakuimba. Aliinua mguu, akaushindilia, akainua wa pili, bila haraka, macho ameyafumba, na wale watatu wakaacha kumsikiliza Mihayo wakaanza kuufuata mguu ule. Baada ya hatua kumi hivi Mihayo naye aliuona, na wimbo ukaingia mahali pake.